Nani Alifungue Faili Hili? Historia ya Ruhusa Katika Hifadhi za Pamoja

Mashine moja, watu wengi: 1961–1969

Katika miaka ya 1950 swali la ruhusa lilikuwa halijazaliwa. Mtafiti alipeleka rundo la kadi zilizotobolewa, kompyuta ikafanya kazi yake peke yake, kisha akarudishiwa kadi zake pamoja na karatasi za majibu. Siri yake aliibeba mkononi. Aliyeitaka alilazimika kuingia ofisini kwake na kuvuta droo.

Hali hiyo ilianza kubadilika Novemba 1961 katika chuo cha MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walipoonyesha mfumo wa CTSS. Mfumo huo uliwezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwenye mashine yake ya kuchapia. Haikuchukua muda mafaili ya wote yakawa yanalala kwenye diski moja, na hapo ndipo swali lilipozaliwa: la nani ni lipi, na nani anaruhusiwa kuligusa? Jibu la kwanza lilikuwa neno la siri. Kila mtumiaji alipewa lake.

Jibu hilo lilivunjika mapema. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, aliona saa alizogawiwa kwenye mashine hazimtoshi. Akawasilisha kadi ya kuomba faili fulani lichapishwe, na faili lenyewe lilikuwa lile lenye maneno ya siri ya watumiaji wote. Mfumo ukalichapisha bila kuuliza. Miaka michache baadaye likatokea jambo ambalo Corbató mwenyewe alilisimulia hadharani: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili tofauti kwa wakati mmoja, programu ya kuhariri ikatumia jina lilelile la faili la muda kwa wote wawili, na mafaili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwenye mfumo akaonyeshwa orodha ya maneno ya siri ya wenzake mahali pa tangazo la siku.

Matukio haya mawili yaliwafundisha wahandisi kwamba kumtambua mtu anapoingia hakutoshi. Kila faili lenyewe linapaswa kujua linamkubali nani na kwa kazi gani. Wazo hilo lilipata umbo mwaka 1965, Robert Daley na Peter Neumann walipoeleza mpango wa mafaili wa Multics, mfumo uliojengwa na MIT, maabara za Bell na kampuni ya General Electric. Ndani yake kulikuwa na mambo mawili tunayoyatumia hadi leo: folda ndani ya folda, na orodha ya majina iliyoshikamana na kila faili ikisema huyu asome, yule aandike. Wazo lilikuwa kamili kuliko uwezo wa mashine za siku zile. Multics ilichelewa, ikawa ghali, na mwaka 1969 Bell ikajitoa.

Biti chache za Unix: 1969–1983

Watu wa Bell waliobaki bila mfumo hawakukaa kimya. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliandika Unix, kwanza kwenye kompyuta ndogo ya PDP-7, kisha kwenye PDP-11. Kompyuta hiyo ya pili ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 na diski ya kilobaiti 512. Ukiyatazama maamuzi yao bila kukumbuka namba hizo, utawaona wazembe. Kuhifadhi orodha ya majina kwa kila faili kulikuwa anasa wasiyoweza kuimudu, kwa hiyo walipunguza kila kitu hadi kikaingia kwenye biti chache. Katika kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha tarehe 3 Novemba 1971, dunia ilikuwa na watu wa aina mbili tu: mwenye faili na wengine wote.

Baadaye katika muongo huo likaongezwa tabaka la tatu, kikundi, na ndipo ukapatikana utaratibu ambao kila msimamizi wa seva anaujua kwa moyo. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Namba ya kwanza ni ya mmiliki, ya pili ni ya kikundi, ya tatu ni ya wengine. Folda yenye 750 inampa mmiliki kila kitu, inawaruhusu wanakikundi kuingia na kusoma, na wengine hawapati chochote. Biti tisa. Zimedumu nusu karne, na zimo hata ndani ya simu za Android kwa sababu simu hizo zinaendeshwa na Linux, mfumo ulioundwa kwa kuifuata Unix.

Ritchie aliongeza ufundi mwingine ambao Bell waliuombea hataza mwaka 1973 na kuipata mwaka 1979, kisha wakauachia umma: programu inaweza kuendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki wake badala ya mamlaka ya anayeiendesha. Ndiyo maana mtumiaji wa kawaida anaweza kubadili neno lake la siri ingawa haruhusiwi kuligusa faili linalolihifadhi.

Lakini umaskini wa mwaka 1971 uliacha kovu. Faili lina mmiliki mmoja na kikundi kimoja tu. Chukua folda ya malipo: wahasibu waandike, wakaguzi wasome, wengine wasiione. Biti tisa haziwezi kulieleza hitaji hilo moja kwa moja, maana kikundi cha pili hakina pa kukaa. Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 lilisaidia kwa kumwezesha mtu kuwa katika vikundi kadhaa kwa wakati mmoja, lakini faili lenyewe lilibaki na kikundi kimoja. Wasimamizi wenye subira waliunda kikundi kwa kila mchanganyiko wa watu. Wenye haraka waliandika 777, yaani yeyote afanye lolote, simu za malalamiko zikakoma, na hakuna aliyerudi kuirekebisha.

Folda inavuka waya: 1983–1992

Kufikia hapo mafaili na watumiaji walikuwa bado ndani ya mashine moja. Kompyuta ndogo za mezani zilivunja umoja huo. Ofisi ikawa na kompyuta ishirini na diski moja kubwa ya pamoja, na ruhusa ikalazimika kusafiri kwenye waya. Katika miaka michache yakatolewa majibu manne.

Kampuni ya Sun Microsystems ilitengeneza NFS mwaka 1984 na kuieneza kuanzia mwaka uliofuata. NFS ilichukua biti tisa za Unix na kuzivusha mtandaoni jinsi zilivyo. Kompyuta ya mtumiaji iliiambia seva namba ya anayeomba, na seva ikaiamini. Ikiwa Asha ni namba 501 kwenye kompyuta yake, na Juma akawa 501 kwenye kompyuta yake mwenyewe, seva iliwaona mtu mmoja. Katika jengo la wahandisi ambapo msimamizi mmoja aliziandaa mashine zote, imani hiyo ilikuwa na mantiki. Ilipotea pale kila mtu alipopata kompyuta anayoimiliki na kuiamuru mwenyewe. Sun waliweka kinga moja: msimamizi mkuu wa kompyuta ya mbali, akifika kwenye seva, anageuzwa kuwa mtu asiye na mamlaka yoyote. Kinga hiyo ilimzuia asijifanye bwana wa seva, lakini haikumzuia kujifanya Asha.

Chuo cha Carnegie Mellon, kwa kushirikiana na IBM, kilikwenda njia nyingine. Mfumo wao wa AFS ulikataa kuiamini kompyuta ya mtumiaji. Ulimtaka mtu athibitishwe kwa njia ya Kerberos, iliyobuniwa MIT. Ruhusa ziliwekwa kwenye folda, na zilikuwa saba: kuona kilichomo, kuingiza, kufuta, kusoma, kuandika, kufungia na kusimamia. Tena mtumiaji wa kawaida aliweza kuunda kikundi chake bila kumsubiri msimamizi. Kwa maoni yangu huu ndio uliokuwa mpango bora wa wakati wake, maana ulimpa mwenye kazi uwezo wa kutaja washirika wake mwenyewe. Ulienea zaidi vyuoni na katika maabara za utafiti, na ofisi za kawaida hazikuuona.

Ofisi zilinunua Novell NetWare. Humo, mtu asiyepewa haki kwenye folda hakuwa nayo, na mara nyingi hakuiona kabisa. Mwanzo ulikuwa ni kutokuwa na chochote, kisha kilichohitajika kikaongezwa.

Jibu la nne ndilo lililoshinda sokoni. Barry Feigenbaum wa IBM alibuni itifaki ya SMB, Microsoft ikaichukua na kuiendeleza, na kufikia Windows for Workgroups ya mwaka 1992 mtu yeyote aliweza kuishirikisha folda yake kwa kubofya mara chache. Ulinzi ulikuwa neno la siri la folda. Halikuwa la mtu. Aliyelijua aliingia, na neno la folda huenda haraka: linaandikwa kwenye karatasi, linabandikwa ukutani, linabaki vilevile mfanyakazi anapohama. Na faili likifutwa, hakuna njia ya kujua nani kalifuta, maana wote waliingia kwa neno moja. Oktoba 2000 Microsoft ililazimika kutoa kiraka kwa ajili ya Windows 95, 98 na Me baada ya kugundulika kwamba kompyuta inayoomba ndiyo iliyoiambia inayoombwa urefu wa neno la kulinganisha. Ikisema herufi moja, inalinganishwa herufi moja tu. Kubahatisha herufi ya kwanza kulitosha kufungua folda nzima.

Orodha inarudi: 1993–2003

Julai 1993 Microsoft ilitoa Windows NT, iliyojengwa na kikosi cha Dave Cutler aliyetoka kampuni ya DEC. Kompyuta za ofisini sasa zilikuwa na kumbukumbu ya kutosha, na kile ambacho Multics ilikitaka miaka ya 1960 kikawezekana kwa bei ya kawaida. Kila faili na kila folda kwenye diski ya NTFS ilibeba orodha kamili ya watu na vikundi, kwa kuruhusu na kwa kukataza. Kila mtumiaji alipewa namba ya utambulisho isiyorudiwa. Ukiifuta akaunti ya mtu kisha ukaiunda tena kwa jina lilelile, ruhusa zake za zamani hazirudi, kwa sababu mfumo unaitambua namba na wala haujali jina.

Folda ya mtandaoni ikawa na tabaka mbili za ruhusa: ya kushirikisha na ya diski yenyewe. Ni kama nyumba yenye geti la nje na mlango wa chumba. Anayefika kwa njia ya mtandao lazima apite pote pawili, na palipobana zaidi ndipo panapoamua. Aliyeketi mbele ya seva yenyewe tayari yuko ndani ya uzio, hakutani na geti. Saa nyingi za kazi zimepotea duniani kote kwa sababu msimamizi alifungua mlango na kulisahau geti, au kinyume chake. Likaja na fumbo jingine: faili likinakiliwa kwenda folda nyingine hurithi ruhusa za huko liendako, bali likihamishwa ndani ya diski ileile huenda na ruhusa zake za zamani. Windows 2000 iliboresha urithi huo, ili badiliko kwenye folda ya juu lishuke hadi zilizo chini yake.

Mashine ilikuwa bora. Tatizo lilikuwa chaguo-msingi, yaani hali ambayo mtengenezaji aliiacha kabla mtu hajagusa kitu. Folda mpya ikishirikishwa, kundi liitwalo "Everyone", watu wote, lilipewa mamlaka kamili. Microsoft ilitaka bidhaa ifanye kazi mara tu inapotolewa kwenye boksi, na kwa hesabu ya muuzaji hilo lilieleweka. Ilichukua hadi Windows Server 2003 kundi hilo kushushwa hadi kusoma tu. Kwa miaka kumi, mfumo wenye orodha bora kuliko zote sokoni ulianza kila folda ikiwa wazi.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, Andrew Tridgell alikuwa ameandika programu iliyokuja kuitwa Samba, iliyoiwezesha seva ya Unix kuzungumza na kompyuta za Windows. Ikabidi biti tisa zitafsiriwe kwa mfumo unaotarajia orodha ndefu, na tafsiri ilipoteza mengi. Juhudi za kuandika kiwango rasmi cha orodha kwa ajili ya Unix ziliachwa mwaka 1998 bila kukamilika, lakini rasimu yake iliishi. Andreas Grünbacher aliitumia kuipatia Linux orodha za ruhusa, zikaingia rasmi katika Linux 2.6, Desemba 2003. Mwaka huohuo kiwango kilichorekebishwa cha toleo la nne la NFS kilichapishwa, nacho kikafuata orodha zinazofanana na za Windows. Hivyo karibu miaka arobaini baada ya Multics, pande zote zilirudi pale ilipoanzia.

Seneti ya Marekani: 2001–2004

Tukio lililoonyesha uzito wa jambo hili lilitokea katika kamati ya sheria ya Seneti ya Marekani, mjini Washington. Katikati ya mwaka 2001 Seneta Jim Jeffords alikihama chama cha Republican, uongozi wa Seneti ukaenda kwa Democrat, na Patrick Leahy akawa mwenyekiti wa kamati mahali pa Orrin Hatch. Wafanyakazi wa pande zote mbili walitumia seva moja. Msimamizi wake hakuwa na uzoefu wa kazi hiyo, na folda nyingi za wafanyakazi hazikufungwa ipasavyo.

Karani mmoja wa upande wa Republican aliligundua pengo hilo baadaye mwaka huo baada ya kumtazama fundi akifanya kazi kwenye kompyuta. Aliporudia hatua zilezile, aliziona folda za wapinzani wao, akazifungua, akanakili. Hilo liliendelea hadi mwaka 2003. Ndani ya folda hizo mlikuwa na nyaraka za mkakati wa Democrat kuhusu majaji walioteuliwa na Rais George W. Bush, na Novemba 2003 baadhi ya nyaraka hizo zikatokea magazetini.

Leahy na wenzake walitaka uchunguzi, Hatch akaukubali, na ripoti ya Afisa wa Ulinzi wa Seneti, William Pickle, ikatoka Machi 2004. Wachunguzi walikuta mafaili 4,670 yaliyonakiliwa, mengi yakiwa ya upande wa pili. Waliohusika waliacha kazi. Hakuna neno la siri lililovunjwa na hakuna programu ya kudukua iliyotumika, na utetezi wao ulisimama hapohapo: lililo wazi kwa wote si siri. Ni utetezi dhaifu kimaadili. Kiufundi ni kweli tupu, kwa kuwa seva ilikuwa imeagizwa kumkubali kila mtu, nayo ikatii.

Ruhusa zinapozidi: 2010–2023

Kesi ya Chelsea Manning, mchambuzi wa habari za kijasusi wa jeshi la Marekani nchini Iraq, ilikuja kwa upande mwingine. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, idara za serikali zililaumiwa kwa kunyimana taarifa, zikaamriwa zishirikiane, na nyaraka za balozi zikawekwa kwenye mtandao wa siri uliofikiwa na watu wengi mno. Mwaka 2010 Manning alizipeleka nyaraka 251,287 kwa tovuti ya WikiLeaks. Folda hizo hazikusahauliwa wazi. Zilifunguliwa kwa makusudi, kwa watu wengi kuliko kazi ilivyohitaji.

Septemba 2013 ikaja CryptoLocker. Programu hiyo ya uhalifu iliingia kwa barua pepe, ikayafunga mafaili ya aliyeifungua, kisha ikapanda kwenye diski za mtandao alizounganishwa nazo na kudai fidia. Ilitumia ruhusa za mwathirika na si zaidi. Pale ambapo karani wa mapokezi alikuwa na ruhusa ya kuandika katika folda ya uhasibu, uhasibu ulikwenda naye. Pale alipokuwa na ruhusa ya kusoma tu, mafaili yalisalimika. Tangu hapo ruhusa ya kuandika haikuwa tena suala la heshima kazini.

Hifadhi za mawingu zilirudia safari yote upya, kwa kasi. Amazon ilifungua S3 mwaka 2006. Mwaka 2017 taarifa za wapiga kura wapatao milioni 198 wa Marekani zilikutwa kwenye hifadhi yake ambayo mteja aliiacha wazi. Ilikuwa Aprili 2023 ndipo kila hifadhi mpya ilipoanza ikiwa imezuiwa kwa umma. Na kile kitufe cha leo kinachoruhusu yeyote mwenye kiungo kufungua waraka ni neno la siri la folda la mwaka 1992 lililorudi: kiungo kinapita mkononi hadi mkononi, na hakimjui anayekishika.

Kwenye seva zetu

Sheria nazo zimefika. Kenya na Uganda zilipitisha za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Hospitali, saccos au shule yenye kisanduku cha diski cha pamoja pembeni ya ruta sasa inawajibika kisheria kwa kila anayeweza kufungua faili la mgonjwa, mkopaji au mwanafunzi.

Kwa hiyo, msomaji unayesimamia hifadhi ya namna hiyo, ifungue wiki hii. Liondoe kundi la watu wote. Unda vikundi kwa kazi, wahasibu, wauguzi, walimu wa taaluma, na ruhusa vipe vikundi, si mtu mmoja mmoja, ili anayehama idara abadilishiwe kikundi tu. Kama ni Linux, iwekee folda 2770: ile 2 ya mbele huhakikisha faili jipya linabaki mali ya kikundi. Wanaosoma tu wasipewe kuandika. Futa akaunti za waliokwisha kuondoka. Kisha ingia kwa akaunti ya mfanyakazi mwenye cheo cha chini kabisa, ujaribu kufungua folda ya mishahara.